Ng'ambo ya karibu, ng'ambo ya mbali: kura ni ya wote

Mazungumzo yaliyotolewa Mpala, mbele ya vijana, wazazi na wasafiri wa ziwa. Tunayaweka hapa ili kila mutu ayatume kwa ndugu yake aliye inje ya inchi.



Tuseme mapema: sisi si chama cha siasa. Hatukuleta tishati, hatukuleta sukari, hatuna jina la mutu wa kuwaomba mumuchague. Tuko harakati ya vijana raia, bila silaha na bila mukubwa wa kutulipa. Tumekuja na swali moja: Mukongomani anayeishi inje ya inchi, kura yake iko wapi?

Hapa kwetu neno ng'ambo liko na maana mbili. Kuko ng'ambo ya karibu: Kigoma, Bujumbura, Mpulungu, fasi mutu anaenda kwa mutumbwi ao kwa meli, anauza, ananunua, anaoa, anarudi. Kuko na ng'ambo ya mbali: Brussels, Paris, Johannesburg, Montréal, kule ambako kurudi kunaweza kuomba miaka kumi. Nyumba zisizokuwa na mutu katika moja ya ng'ambo hizo ni za kutafuta na taa. Leo tunaongea na ndugu hao wote, na tunaongea nanyi muliobaki, juu ninyi njo wenye namba zao za telefone.

MULANGO ULISHA FUNGULIWA, LAKINI NUSU

Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza katika historia ya inchi yetu, Wakongomani wa inje walipiga kura. Mwaka 2006, mwaka 2011, mwaka 2018, aliyekuwa inje alifuata uchaguzi kwenye telefone sawa mutu anayefuata mupira: anapiga kelele, lakini hagusi mupira. Sheria ya uchaguzi iliyotengenezwa upya mwezi wa Juni 2022 na mipango ya CENI, ni kusema tume yetu ya uchaguzi, vikafungua mulango.

CENI ilichagua inchi 5 za kujaribia: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Kule watu waliweza kumuchagua raisi tu. Depite wa taifa, depite wa jimbo, hao hawakuwahusu. Waliojiandikisha katika zile inchi 5 walikuwa kama 13,000. Sisi wote kwa jumla, wa ndani na wa inje, tulikuwa karibu milioni 44 kwenye liste.

Lakini angalieni jambo moja. CENI ilipoanza kutangaza matokeo, tarehe 22 Desemba, sauti ya kwanza iliyosikika ilikuwa ya wale wa inje. Kabla ya Kinshasa, kabla ya Lubumbashi, kabla ya Kalemie. Watu 13,000 ni wachache, ndiyo. Lakini kwa mara ya kwanza walihesabiwa.

Sasa tuchukue karti ya inchi, tuangalie pamoja. Kongo inapakana na inchi 9: Angola, Zambia, Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda, Sudani ya Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo-Brazzaville. Kati ya hizo 9, ni ngapi zilikuwa kwenye ile liste ya inchi 5? Hakuna hata moja. Ziwa letu linaguswa na inchi 4. Ukitoa yetu, zinabaki 3, na katika zile 3 hakuna Mukongomani aliyepiga kura kama mutu wa diaspora. Kwa mutu wa Mpala maana yake ni hii: dada yako wa Brussels alipiga kura, lakini kaka yako wa Kigoma, huyu anayekutumia unga na mulangaza wa kuuza, hakupiga. Wa mbali alifikiwa, wa karibu alirukwa.

JUU YA NINI TUNASEMA MAMBO HAYA HAPA MPALA

Mpala inajua nini ni kuamuliwa na watu wa mbali bila kuulizwa. Mwaka 1883, Storms, Mubelgiji, alijenga kituo chake hapa. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wake walimuua mutawala Lusinga, na kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji, kikawekwa katika nyumba ya makumbusho Brussels sawa kitu. Katika mwezi ule ule, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekaa Berlin wakiongea juu ya Afrika. Hapakuwa Mutabwa mezani. Hapakuwa Muluba. Hapakuwa mutu yeyote wa ziwa hili. Kisha mipaka ikapita katikati ya maji, na jamaa moja ikawa jamaa za inchi mbili, tatu, ine.

Hatusemi hayo ili tulie. Tunasema juu mupaka ule ule uliochorwa bila sisi, njo leo unaamua nani ana kura na nani hana. Samaki anapita, dagaa inapita, kitenge kinapita, lugha inapita, harusi inapita. Kura peke yake inafika kwenye maji na inasimama. Na kura ni karatasi ile ambayo, kwa mara ya kwanza, inatuuliza sisi. Katiba ya 2006, sharti la 5, inasema kila Mukongomani, mwanaume ao mwanamuke, aliyetimiza miaka 18 na mwenye haki zake, ni muchaguzi. Haikusema "kila Mukongomani aliye ndani ya inchi".

WALE WANAOBEBA NYUMBA

Ndugu zetu wa inje, tuongee bila haya. Wengi wetu tunaosimama hapa tuko na diploma ya iniveriste. Ile diploma ililipwa na nani? Ililipwa na mama mudogo wa Bujumbura, na yaya wa Lyon, na mujomba anayelinda magazini usiku kule Johannesburg. Tulimaliza masomo, kazi hakuna, na mungali munatuma. Mutoto akilazwa, munatuma. Maji ya ziwa yalipopanda na kuingia ndani ya nyumba za Kalemie, mulituma. Kilio kikipigwa, munatuma mbele ya sisi kumaliza kulia.

Ni kusema munafanya kazi ambayo serikali ilipaswa kufanya. Sasa, mutu anayebeba nyumba kichwani, kweli asiulizwe hata mulango ufunguliwe upande gani? Raisi atakayechaguliwa njo atasimamia mikataba ya madini, hata litiamu ya Manono, hapa hapa katika jimbo letu la Tanganyika. Serikali yake njo itaamua kama barabara itafika, kama treni itatembea, kama vita vitaisha ama hapana. Kila kitu asichofanya kitarudi kwenu: kitarudi na ujumbe wa "yaya, tusaidie kidogo". Mukipiga kura munatusaidia sisi. Lakini pia munapunguza muzigo wenu wenyewe.

"LAKINI KURA YANGU ITABADILISHA NINI?"

Tunajua munavyojibu. Tumesikia kwenye vokali, tumesoma kwenye WhatsApp. Tujibu moja moja.

Wa kwanza anasema: "Tuko wachache, hatuwezi kubadilisha kitu." Ndugu, tuko wachache juu mulango ni mudogo. Angalieni Kenya. Mwaka 2013 Wakenya wa inje walianza kupiga kura, na Kenya ilianza na majirani: Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Kongo ilirukia Ulaya na Amerika. Kenya ilianza na mutu wa mulango wa pili. Mwaka 2022 ilikuwa imefika inchi 12, na waliojiandikisha walipita 10,000 kidogo. Kidogo kidogo mulango unapanuka, lakini unapanuka kwa wale wanaoingia. Fasi ambapo hakuna anayeingia, kesho watasema: "Mumeona? Diaspora haitaki kura, tufunge."

Na wachache wanaweza kuwa wengi. Kule Kabo Verde, inchi ya visiwa, mwaka 2001 raisi alipatikana kwa tofauti ya kura 12. Kumi na mbili! Hiyo ni jamaa moja iliyokaa kwa meza. Mwaka 2006, kura za wale wa inje njo zilimupa ushindi. Tangu hapo hakuna mugombea wa kule anayesahau diaspora.

Wa pili anasema: "Kura zinaibwa, mimi niende kupoteza siku yangu ya kazi?" Hatutawaficha. Mwaka 2023 kulikuwa na mambo mabaya. Fasi nyingi mashini zilichelewa, na kura ilienda kupita siku moja. Masisi na Rutshuru hawakupiga kura juu ya vita, wala Kwamouth. CENI yenyewe, mwezi wa Januari 2024, ilifuta kura za wagombea 82 juu ya udanganyifu na mashini za kura kukutwa mikononi mwa watu. Lakini mwizi anapenda shamba gani? Shamba ambalo mwenyewe hafiki. Wewe uliye Brussels ao Pretoria unaweza kusimama mbele ya biro saa ya kuhesabu, unaweza kuwa shahidi, unaweza kupiga picha ya karatasi ya matokeo iliyobandikwa, bila mutu kukuvunja mukono. Uhuru huo, sisi huku hatuna siku zote. Utumie kwa ajili yetu.

Wa tatu anasema: "Mutu asiyekunywa maji yetu asituchagulie." Hii inasemwa na wa ndani. Tunawajibu kwa heshima: ni kweli, sisi njo tunalala na giza, sisi njo tunapita barabara mbovu. Lakini nani alimutoa yule mutu hapa? Wengine walitoka juu ya vita vya Batwa na Baluba vya 2016 na 2017, walipoona vijiji vinawaka. Wengine walitoka juu ya njaa. Wengi hawakuchagua kuondoka. Ukimunyima na kura, umemufukuza mara mbili.

MUKIMBIZI NAYE NI MURAIA

Hapa tunaomba musikilize vizuri, juu ni jambo la kugusa kwa adabu.

Kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996. Kuko watoto waliozaliwa mule, wamekuwa wazazi mule. Mantapala, huko Nchelenge, Zambia, ilifunguliwa mwanzo wa 2018 kupokea watu waliokimbia Haut-Katanga na Tanganyika yetu. Mwanzo wa 2025, Bukavu ilipoanguka, makumi ya maelfu walivuka kuingia Burundi. HCR inahesabu wakimbizi Wakongomani zaidi ya milioni 1 katika Afrika. Waliosumbuliwa zaidi na siasa mbaya njo hao hao ambao siasa haiwaulizi kitu.

Hatumuambii mukimbizi akimbilie ubalozini kuomba pasipoti. Hapana! Kuomba ulinzi wa serikali uliyoikimbia kunaweza kuleta shida kwa hali yako ya ukimbizi. Mbele ya kufanya kitu chochote, uliza HCR ao wale wanaosaidia wakimbizi mambo ya sheria. Sisi tunasema kitu kingine: njia ipo, na ilisha pitiwa. Desemba 2015, Jamhuri ya Afrika ya Kati ilipopiga kura, wakimbizi wake walioko Kamerun, Chadi na Kongo-Brazzaville walipiga kura kule kule walikokimbilia, kwa mapatano ya serikali na kwa musaada wa HCR. Inchi maskini kuliko yetu, yenye vita sawa yetu, iliweza. Sisi tunashindwa na nini?

TUFANYE JE?

Uchaguzi unaokuja wa raisi, kwa kufuata katiba, ni 2028. Inaonekana mbali. Si mbali. Kura haianzi siku ya kupiga, inaanza siku ya karatasi.

Ninyi wa ng'ambo ya mbali, katika zile inchi 5:

Angalieni karatasi zenu leo. Pasipoti yako inaisha lini? Karti ya konsulati unayo? Bila karatasi inayoonyesha kama uko Mukongomani, hakuna kujiandikisha. Tunajua pasipoti ni bei. Tangu 2015 ilikuwa dola 185. Watu walipiga kelele, ndani na inje. Mwaka 2020 ikashuka mpaka dola 99. Musichoke kupiga kelele.

Fuateni CENI na ubalozi wenu mapema. Uandikishaji wa mwanzo wa 2023 ulipita haraka, na waliongojea rafiki awaambie walikuta biro imefungwa.

Jipangeni kwa kikundi. Kama biro iko muji mwingine, lipeni gari moja, muende watu kumi. Munajua kujipanga kwa kilio na kwa harusi; jipangeni vile vile kwa kura.

Na wewe uliyekamata uraia wa inchi ingine: katiba yetu, sharti la 10, inasema uraia wa Kongo ni mumoja na hauchanganyike na mwingine. Kura ya huku huna tena. Lakini mudomo unao. Muamshe jirani yako mwenye pasipoti ya Kongo.

Ninyi wa ng'ambo ya karibu:

Wavuvi na wafanya biashara ambao nyumba yenu ingali upande huu, munaovuka na kurudi: wiki ya kujiandikisha muwe hapa, na siku ya kura muwe hapa. Pangeni safari zenu juu ya siku hizo, sawa munavyozipanga juu ya upepo.

Ninyi munaoishi Kigoma, Bujumbura, Mpulungu, Lusaka: ombeni. Andikeni barua, kusanyeni sahihi, muzipeleke kwa ubalozi na konsulati. Museme: "Tuko hapa, tuko wengi, tunataka tuhesabiwe." CENI haitaweka biro kwa watu ambao haijui kama wako.

Na sisi tuliobaki:

Wiki hii kila mumoja wetu apige telefone kwa mutu mumoja wa inje. Si kuomba feza, tafazali! Wiki hii tu, tusiombe feza. Tumuulize: "Karatasi zako ziko sawa?" Kama anakosa karatasi ya kuzaliwa, sisi njo tutaenda kuitafuta kwa biro ya serikali hapa. Tumutumie vokali, kwa Kiswahili, kwa Kitabwa, kwa Kiluba, tumuambie kweli ya huku: nani alifanya kazi, nani alikula. Mutu wa mbali asipate habari kwa wale tu wanaolipwa kusifu.

TUNAYOOMBA KWA WAKUBWA

Kwa CENI, kwa serikali na kwa bunge, tunaomba mambo ine, na tutayarudilia mpaka yasikike.

Moja: Tanzania, Zambia na Burundi ziingie kwenye liste ya 2028. Ziwa hili lisiwe ukuta.

Mbili: mapatano yafanywe na inchi zilizopokea wakimbizi wetu, pamoja na HCR, ili mukimbizi apige kura bila kuhatarisha ukimbizi wake.

Tatu: watu wa inje wapate depite wao. Musumbiji iko na depite 2 wa diaspora, mumoja wa Afrika na mumoja wa inchi zingine. Kabo Verde, inchi ndogo vile, iko na 6. Kongo kubwa hii iko na sifuri.

Ine: kalendari itangazwe mapema, na bei ya karatasi isiwe njia ya kumufungia maskini mulango.

Ndugu zetu wa ng'ambo zote mbili, hatuwaiti kurudi kwa lazima. Kila mutu anajua mahali alipopatia mukate. Tunawaita musikubali kuwa watu wa kutuma feza peke yake. Munalipa masomo yetu, dawa zetu, sanduku za maiti zetu. Njooni muamue pamoja nasi juu ya inchi ambayo munailipia.

Na wewe uliyesikiliza ao uliyesoma mpaka hapa: usiseme "nimesikia vizuri" halafu ufunge telefone. Tafuta ile namba inayoanza na +255, +257, +260, +27, +32, +33 ao +1. Piga sasa.

Kongo ni yetu, walio ndani na walio inje.